Kudhibiti nyaraka za bidhaa changa: siku ya kwanza, katikati au mwisho?

Mwezi uliopita vijana wawili kutoka Njoro walifika kwenye karakana yetu hapa Nakuru na mashine ya kupukuchua mahindi waliyoiunda wenyewe. Ilifanya kazi vizuri. Walikuwa wamesikia kwamba wakitaka kuiuza kwa shule na vyama vya ushirika watadaiwa karatasi, na mmoja akaniuliza: "Madam, haya mambo ya namba za michoro na sahihi tuyaanze lini? Sasa, ama tungoje kwanza tuone kama watu watanunua?"

Niliwajibu kwa haraka kwa sababu lori lilikuwa linapakiwa. Swali lao lilistahili jibu refu zaidi, na sijaacha kulifikiria tangu siku hiyo. Nimefanya kazi ya ubora sehemu tatu, Kisumu, Kakamega na sasa Nakuru, na kila sehemu ilikuwa na jibu lake. Nitayaweka majibu hayo matatu kando kwa kando na kusema ninalolipendelea.

Kwanza tuelewane maana. Kudhibiti nyaraka, kwa lugha ya karakana, ni hivi: kila waraka uwe na namba, uwe na toleo, ajulikane aliyeuidhinisha na siku aliyouidhinisha, ukae mahali pamoja panapojulikana, na toleo la zamani liondolewe mikononi mwa watu. Ukibadilishwa, sababu iandikwe.

Kuna tofauti moja ambayo wengi huiruka, na ukiiruka utachagua vibaya. Waraka humwambia mtu afanye nini kesho: mchoro, orodha ya vifaa, maelezo ya namna ya kuunganisha. Kumbukumbu hueleza kilichotokea jana: tulipima nini, tukapata nini, nani alikuwepo. Waraka hubadilika, ndiyo maana unahitaji toleo. Kumbukumbu haibadilishwi kamwe; ukikosea unachora mstari juu ya kosa, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia sahihi na tarehe. ISO 13485:2016, kiwango cha kimataifa cha ubora wa vifaa vya tiba, kinavitenganisha kabisa: nyaraka kifungu cha 4.2.4, kumbukumbu kifungu cha 4.2.5. ISO 9001:2015, kiwango cha ubora kwa kazi yoyote ile, imeviweka pamoja kwenye 7.5, lakini ukisoma kwa makini utaona kimoja kinaagizwa kitunzwe kiende na wakati na kingine kihifadhiwe kilivyo. Shikilia tofauti hiyo, maana jibu langu limejengwa juu yake.

Kisumu: kila kitu tangu siku ya kwanza

Tulikuwa tunaunda jokofu dogo la umeme wa jua kwa ajili ya wauza samaki wa ufuoni. Meneja wetu alikuwa ametoka kwenye kiwanda kikubwa cha dawa, akaja na utaratibu wote aliouzoea. Kila mchoro, hata ule wa kujaribu tu, ulihitaji fomu ya mabadiliko na sahihi tatu. Nia yake ilikuwa njema na mimi nilikuwa upande wake. Nilikuwa nimetoka chuoni na nilipenda faili zilizopangwa.

Kazi ya mwanzo ya bidhaa, hata hivyo, ni kubahatisha kwa akili. Asubuhi moja mhandisi alitaka kujaribu foamu ya kuzuia joto ya unene wa milimita 50, kisha 75, kisha 100, aone ni ipi itakayoweka barafu mpaka alfajiri. Kwa utaratibu wetu hiyo ilikuwa michoro mitatu, fomu tatu na sahihi tisa, na meneja mwenyewe alikuwa Nairobi tangu Jumanne hadi Alhamisi. Basi vijana walijaribu kimya kimya, wakaandika vipimo kwenye vipande vya katoni, na Ijumaa jioni wakajaza fomu kwa ile iliyofaulu peke yake.

Miezi kadhaa baadaye mfadhili aliuliza kwa nini tulichagua milimita 75 na si 50, ambayo ingekuwa nafuu. Tulifungua faili. Faili lilisema tulianza na 75 na ikafaa. Jaribio la 50, lile lililoshindwa, halikuwa na alama yoyote, na katoni ilishatupwa zamani. Tulirudia jaribio upya kwa pesa mpya.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo. Watu husema kudhibiti mapema kunapunguza kasi, na ni kweli, lakini kasi ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba mzigo wa fomu ukizidi, watu wanaacha kuandika ukweli na kuanza kuandika kinachopita. Faili linapendeza huku ndani halina majaribio yaliyoshindwa, na hayo ndiyo yenye elimu.

Mtu anaweza kusema hiyo ni anasa ya wauza majokofu, kwamba kwenye vifaa vya hospitali lazima uanze siku ya kwanza. Tazama basi wanaosimamia vifaa hivyo wenyewe. Marekani, kanuni za kudhibiti usanifu wa vifaa vya tiba zilianza kutumika Juni 1, 1997, na mwongozo ambao FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, iliutoa Machi mwaka huo unatenga hatua ya utafiti wa kuona kama wazo linawezekana. Hatua hiyo haibanwi na kanuni hizo. Zinakubana pale mnapoamua kwamba kifaa hiki sasa tunakiunda. Hapo mpango ulioandikwa lazima uwepo. Tangu Februari 2, 2026 kanuni ya FDA imeegemezwa kwenye ISO 13485:2016, na kifungu chake cha 7.3 nacho kinaanzia kwenye kupanga usanifu, hakianzii kwenye ndoto. Kama anayesimamia kifaa kitakachoingia mwilini mwa mgonjwa anakuachia nafasi ya kutafuta kwanza, sioni kwa nini mtu wa jokofu la samaki ajinyime.

Kakamega: tukifika tutajua

Karakana ya pili iliunda mashine za kukatakata majani ya ng'ombe. Mwenyewe alikuwa fundi hodari kuliko wahandisi wengi niliowahi kukutana nao. Kila kipimo kilikuwa kichwani mwake na vipande vya bati vilivyotundikwa ukutani vilitumika kama vielelezo vya kukatia. Hapakuwa na mchoro hata mmoja, na kwa miaka mingi biashara ilikwenda.

Njia hii ina wema wake na sitaki kuidharau. Mawazo mengi ya bidhaa hufa kabla ya kuuza hata kimoja, na wazo lililokufa bila karatasi halikupoteza karatasi. Fundi anayetengeneza kwa oda, mkono wake mwenyewe ukianza na kumaliza, hana wa kumwandikia.

Shida ilikuja alipoamua kuomba alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Shirika hilo lipo tangu 1974 chini ya Sheria ya Viwango, Sura ya 496, na watu wa huku hawana haja ya kwenda Nairobi kwa kila jambo kwa sababu lina ofisi Kisumu na Nakuru. Haitoshi kuwapelekea mashine nzuri. Wanataka kuona unavyodhibiti uzalishaji, wanakuja kukagua mahali pa kazi, wanachukua sampuli kwenda kupimwa. Swali lao la msingi ni kama mashine ya mia itafanana na ile ya kwanza.

Tulitoa mashine zote zilizokuwa uani tukazipima. Nafasi kati ya kisu na ubao wake ilitofautiana. Matundu ya boliti hayakulingana, ndiyo maana wateja walikuwa wakilalamika kwamba kisu cha akiba hakiingii mpaka kitobolewe upya. Mambo ya vipimo tuliyarekebisha: chagua kimoja, chora, tia namba. Jambo ambalo hatukuweza kulirekebisha ni sababu. Kwa nini mhimili ni milimita 30 na si 25? Kuna aliyejaribu 25 ikapinda? Au 30 ndiyo iliyokuwepo dukani siku ile? Kijana aliyejua alikuwa ameshahamia Busia upande wa Uganda na namba yake haikupatikana. Hatukuthubutu kupunguza, kwa hiyo kila mashine iliendelea kubeba chuma ambacho huenda haikihitaji.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nilijifunza methali hii nikiwa mtoto, nikidhani inahusu duka la mangi. Kumbe na sababu ni mali.

Nakuru: katikati, lakini katikati ni wapi?

Hapa tunaunda kikaushio cha mahindi cha kubebwa na pikapu, kwa wakulima wa Njoro, Molo na Rongai ambao mavuno yao ya Oktoba hadi Desemba mara nyingi hukutana na mvua. Kazi yake ni rahisi kuitaja: mahindi yatoke kwenye unyevu wa asilimia 20 au zaidi yafike 13.5, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na kiwango cha Afrika Mashariki. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 inabidi lipoteze karibu kilo 6.8 za maji.

Nikiwa nimeungua pande zote mbili, nilipendekeza njia ya katikati. Majaribio yawe huru, kila mtu na daftari lake, na tukishamaliza mfano wa majaribio wa tatu tutaanza kudhibiti michoro. Nililipenda pendekezo langu. Lilikuwa na tarehe na lilikuwa na mstari.

Halafu kati ya mfano wa pili na wa tatu tukagundua kwamba bati la sakafu lenye matundu ya milimita 5 linaruhusu punje zilizovunjika kudondoka kwenye chumba cha hewa ya moto, zinaungua, mahindi yananuka moshi. Tukabadilisha kuwa milimita 3. Mchoro mpya ukatumwa kwenye kundi la WhatsApp, jina la faili likiwa na neno "final" mara mbili. Mnunuzi wetu alikuwa tayari na mchoro wa zamani kwenye simu. Akaagiza bati sita za milimita 5 kutoka Nairobi, zikaja zimekatwa kwa vipimo vyetu, na muuzaji, kwa haki kabisa, akakataa kuzirudisha.

Mnunuzi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mstari wangu. Niliuweka kwenye hatua ya mradi, mahali panapopendeza kwenye chati, ilhali hatari haifuati chati. Hatari ilianza siku mchoro ulipotoka mkononi mwa aliyeuchora ukaingia mkononi mwa mtu mwingine aliyetumia pesa kwa kuuamini. Mfano wa pili au wa tatu, hilo halikuhusika.

Kwa hiyo leo mstari wangu ni huo: kumbukumbu tangu siku ya kwanza bila sahihi ya mtu mwingine, udhibiti wa waraka siku mtu wa pili anapokata chuma, kununua au kupima kwa kuufuata. Na unaanza kwa waraka ule peke yake. Mchoro wa sakafu unaweza kuwa toleo A lililoidhinishwa huku mchoro wa bomba la moshi bado ni mstari wa penseli. Hakuna sheria inayodai bidhaa nzima ivuke mto siku moja.

Tukiziweka kando kwa kando

Kwa upande wa kasi, kungoja mwisho kunashinda mwanzoni na kunashindwa vibaya baadaye, kwani kujenga upya karatasi kutoka kwenye vyuma vilivyokwisha kuuzwa ni kazi ya kuchosha sana. Kuanza siku ya kwanza ni kinyume chake, ila faida ya baadaye haiji kama faili limejaa fomu za Ijumaa jioni. Njia ya katikati haina kasi ya kwanza wala utulivu wa pili, lakini makosa yake ni madogo na unayaona mapema.

Kwa upande wa pesa sioni tofauti kubwa ya kujadili. Daftari gumu, lile tunaloita kaunta buku, kurasa zikipigwa namba kwa kalamu, na folda moja ya mtandaoni ambayo mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kubadilisha kilichomo. Hiyo inatosha kwa timu ya watu watano.

Kwa upande wa ushahidi ndipo pana uzito. Ukitaka siku moja kumwonyesha mtu wa nje matokeo yako, awe KEBS, mnunuzi au Bodi ya Dawa na Sumu ikiwa kifaa ni cha tiba, ataka kujua kilichopimwa kilikuwa toleo lipi. Sisi tulikuwa na matokeo mazuri ya wiki nzima ya kukausha, na hatukuweza kuyatumia kwa sababu hakuna aliyeandika ni feni ipi iliyokuwa imefungwa wala mizani ilikaguliwa lini. Yalikuwa kweli, nami niliyaona kwa macho yangu, lakini yalibaki hadithi. Siku hizi kila mfano wa majaribio unapigwa namba kwa tindo kwenye fremu, na ukurasa wa daftari hauanzi bila namba hiyo na matoleo ya michoro iliyotumika.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho sikuwahi kukisikia darasani, nacho ni hiki: kosa likitokea, litaonekana lini? Bati lenye matundu makubwa lilionekana siku bati zilipofika. Mfano mwingine ni joto. Mahindi ya kusaga yanavumilia hewa ya nyuzi 60 hivi, lakini mahindi ya mbegu hayapaswi kupita takriban 43, la sivyo kiini kinakufa. Yakishakauka huwezi kuyatofautisha kwa macho. Mkulima atajua mvua za Machi au Aprili zikishanyesha na shamba halijaota. Kwa hiyo, mkulima wa kwanza alipotuuliza kama kikaushio kinaweza kukausha mbegu, waraka wa mpangilio wa joto uliwekwa chini ya udhibiti jioni ileile, kabla ya mtu yeyote kununua chochote kwa ajili yake. Pale kosa linapojificha msimu mzima, usingoje mtu wa pili.

Wewe uko wapi?

Ukiwa peke yako, daftari linatosha. Toleo na idhini vitakuchelewesha bure. Andika tarehe, andika kilichoshindwa, na andika kwa nini umebadilisha. Neno "kwa nini" lisikose hata ukiwa umechoka.

Mkiwa watatu au wanne chini ya paa moja, ongezeni namba kwenye michoro na mtu mmoja wa kutoa toleo jipya. Kabla ya kuidhinishwa tunatumia 0.1, 0.2 na kuendelea. Baada ya hapo herufi A, B, C. Fundi akiona sifuri anajua asinunue kitu.

Mkiwa na sehemu mbili, mmoja achora Kisumu mwingine achomelea Nakuru, anzeni mapema kuliko mnavyofikiri ni lazima. Umbali ni mtu wa pili hata kama mnaelewana kama ndugu. Tumeni kiungo cha folda, msitume faili lenyewe, maana faili likishaingia kwenye simu ya mtu huwezi kulirudisha.

Kama sehemu ya bidhaa yenu ni programu, kama ile inayoendesha feni yetu, hapo nabadilisha jibu kabisa: tumieni Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, tangu mstari wa kwanza. Inahifadhi matoleo yenyewe bila fomu wala kumngoja meneja, na gharama iliyonifanya nikatae siku ya kwanza kwenye vyuma haipo.

Kifaa cha tiba, kiti cha mtoto, chochote cha gesi au shinikizo: hatua ya kutafuta iwe huru lakini fupi, na siku mnayoamua kukiunda kweli iandikwe kwa tarehe, pamoja na mahitaji yake. Kuanzia hapo hakuna kubadilisha kimya kimya. ISO 9001:2015 kwenye 8.3.6 inadai mabadiliko yanayofanywa wakati wa usanifu na baada yake yatambuliwe, yapitiwe na yadhibitiwe, na huo ni wakati wenyewe.

Wale vijana wa Njoro waliniuliza pia kama daftari lenye tarehe litawalinda mtu akiiba wazo lao. Kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, halitoshi. Nchini Kenya haki huenda kwa aliyetangulia kuwasilisha ombi KIPI, taasisi ya serikali inayosajili hataza. Hataza hudumu miaka 20 na cheti cha modeli ya matumizi, ambacho ni cha uvumbuzi mdogo zaidi, miaka 10. Daftari litawasaidia kuandika ombi zuri, lakini halichukui nafasi ya ombi.

Limebaki swali la nani ashike rejesta ya matoleo, na hapa karakana nyingi hukosea baada ya kuchagua vizuri kila kitu kingine. Mkubwa hafai, kwa sababu hayupo. Mchoraji hafai, kwa sababu atajipitishia. Sisi tumempa dada wa stoo. Hajui kuchora, lakini hakuna bati linalotoka bila kupita kwake. Ukutani pake amebandika karatasi moja yenye namba za michoro na toleo la sasa la kila mmoja, na fundi akija na simu yake anaambiwa, "Nionyeshe herufi kwanza." Isipofanana na ya ukutani, funguo za stoo zinabaki mfukoni mwa dada huyo.